Taulo la Lango la Nyuma

Kasiva alikuwa na jicho moja, na kwa kazi yake lilimtosha. La kushoto liliharibiwa na surua kwao Kitui kabla hajafikia umri wa kwenda shule, likabaki jeupe, la kujaza nafasi tu. Lakini kwa lile la kulia aliweza kuona doa la divai kwenye shuka kabla wenye macho mawili hawajamaliza kuikunjua. Jicho hilo ndilo lililomsomesha binti yake Easter, aliyekaa na nyanya yake huko bara, na ndilo lililomweka katika chumba cha dobi cha Hoteli ya Mwamba Tewa, Watamu. Kufikia mwaka wa themanini na moja alikuwa amefua pale miaka saba, na bado alikuwa kibarua.

Kibarua wa miaka saba! Hoteli ile ilikuwa na lugha yake. Kijana aliyeshuka kwenye basi jana akiwa na tai shingoni aliitwa mfanyakazi wa kudumu. Mwanamke aliyefua mashuka yao tangu kuta hazijapakwa rangi aliitwa wa muda. Kila Desemba Bwana Ndirangu, meneja wa wafanyakazi, alimwambia, "Barua yako ya kudumu iko njiani, Mama Easter." Sijui barua hiyo ilitoka nchi gani na ilibebwa na nani, maana kobe angeshafika na kurudi. Kibarua akiugua hakuwa na daktari wa kampuni wala ruhusa ya kulala, na akikosekana siku tatu alikuta mwenzake ameshika pasi yake.

Ndipo ukaja ugonjwa wa macho mekundu. Redioni walisema umetoka ng'ambo na umekuwa ukizunguka nchi baada ya nchi. Huku ulipofika haukuchagua. Watu wa Malindi waliamka kope zimegandana kwa tongotongo, wa Kakuyuni wakafuata, na wiki haikuisha kabla haujaingia Watamu.

Kasiva alikuwa amepanga chumba kwa Bi Zuleikha, mjane ambaye asili yake ni visiwa vya kaskazini. Siku ile ile mjukuu wa Bi Zuleikha alipoamka na jicho moja limevimba, bibi huyo alichana kanga kuukuu vipande vipande, akampa kila mtu wa nyumba kipande chake.

"Mwanangu, hiki chako," alimwambia Kasiva. "Usimpe mtu, wala usichukue cha mtu. Na usijipanguse kwa kitu ambacho hukukifua mwenyewe."

Mkutano wake ulichukua muda wa kuchana kanga. Wakubwa wa hoteli walikutana kutwa nzima, wakala sambusa sinia mbili, ndipo wakatoka na karatasi iliyopigwa chapa mbele na nyuma: Mpango wa Kuwakinga Wafanyakazi. Waliohudumia wageni mezani walinunuliwa miwani ya jua, si kwa kuwa miwani huponya, bali ili mzungu asione macho mekundu juu ya supu yake. Wakawa wanapita kati ya meza usiku na miwani myeusi, wakigongana na kumwaga mchuzi. Waliofanya kazi nyuma, ambao hakuna mgeni aliyewaona, waliwekewa beseni la maji ya dawa ya zambarau kwenye lango la nyuma. Kila mmoja alitakiwa anawe uso humo kabla ya kuingia, kisha ajipanguse kwa taulo lililotundikwa msumarini.

Taulo moja. Watu mia moja na arobaini, beseni moja, taulo moja! Ukimpa mtoto wa darasa la pili hesabu hiyo atakuuliza kama unamtania. Lakini waliopanga hesabu hiyo waliingilia lango la mbele, ndani ya magari, na uso wa Bwana Ndirangu haukuwahi kuliona beseni lile kwa ndani.

Aliyekabidhiwa lango la nyuma ni Kalama, askari mpole wa kutoka Jilore. Alipewa fomu yenye mistari miwili, jicho la kulia na jicho la kushoto, akaambiwa amkague kila mtu. Naye akakagua kwa moyo wake wote. Alimfunua mtu kope kwa kidole gumba, akaangalia, akaandika, kisha akamfunua wa pili kwa kidole gumba kile kile.

"Hili jeupe niandike nini, mayo?" alimuuliza Kasiva siku ya kwanza, akimwita mama kwa Kigiriama chake.

"Andika safi," Kasiva akamjibu. "Halijawahi kuugua tangu life."

Kalama akacheka, akaandika safi. Kasiva alimwomba asimguse, akamwonyesha chupa ya maji aliyoyachemsha na kipande chake cha kanga. Alinawa pembeni kwa maji yake, akajipangusa kwa kitambaa chake, na Kalama akamtilia alama kwenye fomu kama wengine. Kwani nani angeona?

Kasiva ndiye aliyeona. Jioni taulo lililetwa dobini ili lifuliwe. Asubuhi lilitoka jeupe, jioni likarudi zito, lina utando wa manjano kila mahali. Siku ya pili alilipokea kwa kijiti na kulichemsha kando na nguo nyingine. Alijua kitambaa kinasema nini. Hiyo ndiyo elimu aliyoipata kwa miaka saba. Alimwambia msimamizi wa dobi, na msimamizi akamwambia hayo ni mambo ya wakubwa. Kila asubuhi lile taulo lilitundikwa tena. Aliwaza: ugonjwa ukiingia jicho hili moja, nimekuwa kipofu. Aliogopa kweli, hata mvuke wa pasi ukimwasha alikimbilia kioo kuangalia kama umeanza.

Wakati huo wenzake walianguka mmoja mmoja. Aliyekutwa na jicho jekundu alirudishwa nyumbani bila mshahara, na kampuni ikaipa adhabu hiyo jina tamu, likizo ya kinga. Wapishi wakaenda, watunza bustani wakaenda, wanawake watatu wa dobi wakaenda. Kadiri walivyozidi kupungua ndivyo Bwana Ndirangu alivyozidi kusisitiza watu wanawe, na dawa ikatiwa kijiko kimoja zaidi. Hakuna aliyelitazama taulo. Siku ya tisa Kalama mwenyewe aliamka haoni fomu yake. Alijiandika jekundu kulia, jekundu kushoto, akapanda baiskeli akaenda zake Jilore, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyemwambia pole.

Mahali pake akaletwa askari wa kukodi kutoka Mombasa, mtu wa sheria, ambaye angemkagua hata mamake mzazi kwa fomu. Huyo alipomwona Kasiva na chupa yake alimpeleka ofisini moja kwa moja.

"Unakataa kinga ya kampuni?" Bwana Ndirangu alimuuliza bila kumkaribisha kiti.

"Sikatai, mzee. Ninaogopa lile taulo. Watu wote wanaliweka machoni, na mimi nina jicho moja."

"Basi hilo moja ndilo la kulikinga zaidi." Akaliona jicho lenyewe, lile la kulia, halina wekundu, lenye afya, na sauti yake ikalainika ghafla. "Hebu tazama. Wenzako wote wanaugua, wewe mzima. Umeona Mpango unavyofanya kazi?"

Kasiva akataka kutaja chupa yake, lakini hakupewa nafasi.

"Alhamisi anakuja Sinyora," Bwana Ndirangu akaendelea. Sinyora ni mama wa Kiitaliano aliyewaletea wageni kwa ndege nzima nzima, na alikuwa amesikia habari za macho mekundu. "Anataka kujua wafanyakazi wanakingwa vipi, kabla hajaleta watu wengine. Utanawa mbele yake na kujipangusa kwa taulo, akuone ulivyo mzima, apige picha. Ukishamaliza, barua yako ya kudumu ni hii hapa." Akaipiga piga bahasha mezani. "Usiponawa, Alhamisi hiyo hiyo uchukue vitu vyako uende Kitui."

Kasiva akatoka. Jicho au kazi: hivyo ndivyo kampuni ilivyomkinga. Nyumbani alimsimulia Bi Zuleikha, akalia kwa jicho lile lile alilokuwa akiliogopea. Bi Zuleikha alisema toba mara tatu, akamtaja Ndirangu kwa jina ambalo haliandikiki, kisha akaita watu waje kula. Birika na beseni vikapitishwa. Watoto, pamoja na njaa iliyokuwa ikiwauma, walikaa mikono mapajani wakimngoja bibi yao amiminiwe maji kwanza. Mwaka wake wa kwanza katika nyumba ile Kasiva aliwahi kunyoosha mikono kabla ya mwenye nyumba, watoto wakamcheka mpaka wakagaagaa, na Bi Zuleikha akamweleza kwa upole kwamba huku wakubwa hunawa kwanza. Sasa alilitazama beseni likizunguka kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu wa mwisho, na machozi yakamkauka.

Alhamisi saa nne waliobaki walipangwa mstari langoni. Maji ya beseni yalikuwa yameshaosha nyuso za watu thelathini tangu alfajiri, na zambarau yake ilikuwa imekwisha kugeuka kahawia. Taulo lilining'inia limelowa. Bwana Ndirangu alikuja na Sinyora, akamweleza Mpango kwa kirefu, karatasi mbele na nyuma, kisha akaita, "Mama Easter! Tuonyeshe."

Kasiva akalinyanyua beseni kwa mikono miwili. Hakuliinamia. Akatembea nalo mpaka mbele ya Bwana Ndirangu, akapiga goti kidogo.

"Karibu, mzee."

"Karibu nini?"

"Unawe. Mimi ni mdogo wako, tena kibarua. Huku pwani mdogo hanawi kabla ya mkubwa wake. Nikitangulia nitakuwa nimekuvunjia heshima mbele ya mgeni."

Bwana Ndirangu akacheka kicheko kikavu. "Mimi nimeshanawa."

"Bado, mzee," askari wa Mombasa akadakia, huku akiipitia fomu yake kwa kidole. "Jina lako halimo. Si leo, si jana."

Nani angejua kwamba mtu yule wa sheria angekuja kufaa? Sinyora naye akapiga makofi kwa furaha.

"Ni kweli anavyosema!" alisema kwa Kiswahili chake cha kuimba. "Mimi nimekaa Malindi miaka kumi na miwili. Kwa rafiki zangu wote, wakubwa wananawa kwanza. Nzuri sana! Tafadhali, Bwana Ndirangu, unawe nikupige picha."

Kamera ikainuliwa. Bwana Ndirangu alilitazama beseni, na watu wote wakamwona akilitazama. Uso ulikuwa umemshuka. Alijua! Mimi nasema alijua tangu siku ya kwanza, kama anavyojua mtu yeyote aliyewahi kuoshwa uso na mama yake. Alichovya ncha za vidole.

"Na macho, mzee," Kasiva akamkumbusha kwa adabu. "Mpango unasema macho."

Akanawa macho. Kasiva akamletea taulo kwa mikono miwili. Akaligeuza huku na huku akitafuta pembe kavu, asiipate, na kamera ikimngoja akajipangusa. Mpishi mmoja mstarini akapatwa na kikohozi.

"Sasa mimi," Kasiva akasema. "Ngoja nimwage maji aliyonawa mkubwa, niteke mengine."

Akayamwaga mchangani, akalisuuza beseni kwa maji ya moto kutoka dobini, akateka safi, akanawa, na kujipangusa kwa kipande chake cha kanga. Sinyora akasema kanga inapendeza pichani kuliko taulo. Akamuuliza jina, akauliza amefanya kazi pale miaka mingapi. Aliposikia ni saba akasema lazima ni mkubwa wa dobi huyu.

"Leo hii anapata barua yake ya kudumu," Bwana Ndirangu akajibu upesi upesi, jicho moja limeanza kumwasha kwa hofu tu. Sinyora alipoondoka, bahasha ilirudi mfukoni, na Kasiva akaambiwa kwamba haijatiwa saini.

Jumamosi Bwana Ndirangu hakuonekana. Jumatatu beseni halikuwepo langoni, na msumari ulikuwa mtupu. Ubaoni palikuwa na tangazo jipya, ukurasa mmoja tu: mfanyakazi yeyote, wa kudumu au kibarua, atakayepata macho mekundu apumzike nyumbani kwa mshahara kamili hadi apone, na kila mtu apewe sabuni na taulo lake mwenyewe. Watu mia na zaidi walikuwa wameugua bila kampuni kufikia hekima hiyo. Meneja mmoja alipougua, ilifika ndani ya siku tatu. Kalama aliletewa habari kwao kwamba siku zake zote za kuumwa zitalipwa, na inasemekana alimtaka mjumbe arudie mara mbili.

Jumatano Kasiva aliitwa ofisini. Sinyora alikuwa amepiga simu kuuliza picha iandikwe cheo gani chini yake, na jambo halikuwa na kona ya kukwepea tena. Bwana Ndirangu alikuwa amekaa nyuma ya meza na miwani ya jua ya kampuni, machozi yakimchuruzika chini yake. Barua ilikuwa mbele yake. Alipapasa kalamu, akainamisha pua mpaka karibu na karatasi, akaanza kutia saini juu ya meza.

"Hapo ni mbao, mzee," Kasiva akasema. Alisimama hatua tatu kutoka mezani. "Sogea kulia. Shuka kidogo. Bado. Hapo, mstari ndio huo."

Bwana Ndirangu akatia saini, kisha akamnyooshea kalamu ili naye atie yake.

"Asante, mzee," Kasiva akasema, akafungua pindo la leso. "Nimekuja na yangu."