Alama Nyekundu za Philemon

Philemon hakumwamini fundi yeyote, na mafundi wa Kasulu walilijua hilo kabla hajazima injini. Alikuwa dereva wa lori kwenye ghala la maharage la Mzee Gharibu, ambako mimi ni mtunza stoo. Kila kifaa kinachofunguka kwenye lori lake alikipaka rangi nyekundu ya kucha: mstari mmoja kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma ilichokalia. Nati ikiguswa, mstari unakatika, na mwizi amejulikana. Betri, pampu, tairi, vyote vilikuwa na alama. Rangi yenyewe alikuwa akiazima kwangu. Madereva wenzake wakamwita Bibi Harusi, naye akawajibu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, wacheke tu.

Simlaumu. Zamani, akiwa utingo Kibondo, fundi mmoja alichukua betri mpya ya gari lao akaweka iliyokufa, na aliyefukuzwa kwa wizi akawa Philemon. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Yeye alishtuka hata pasipo na jani, na nisifiche, nilimpenda kwa hilo. Mimi ni mtu wa Same, nimekaa hapa miaka kumi na moja, na kazi ya stoo haimwachi mtu akabaki mwepesi wa kuamini.

Fundi wetu alikuwa Ndayikunda, Muha wa Buhigwe. Mzee alimpa kona ya ua wetu aweke gereji yake, kwa sharti kwamba lori la ghala lishughulikiwe kwanza. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machoni pa Philemon hilo peke yake lilikuwa kosa.

Mwezi wa pili mwaka huu lori likaanza kuchemsha kila lilipopanda vilima vya njia ya Kibondo. Ndayikunda akachomeka geji kwenye mpira wa turbo, akamwambia Philemon akanyage mafuta, akaitazama sindano ikipanda.

"Upepo umezidi, kaka," alisema. "Turbo inasukuma mwingi kuliko injini inavyoweza kuubeba. Ukienda hivi na mzigo, gasketi itapasuka. Napunguza."

Pembeni ya turbo kuna kifimbo cha chuma. Ukikirefusha kidogo kwa kuzungusha nati yake, moshi unaozungusha turbo unapata upenyo wa kutoka mapema, na msukumo wa upepo unashuka. Ndayikunda aliizungusha nati mara mbili na nusu, akapima tena, akafunga boneti. Hayo nilielezwa baadaye. Siku ile niliona mgongo wake na spana tu.

Philemon alirudi kutoka Titye na magunia, uso umemvimba.

"Limekuwa zito, dada Herieth. Halichemshi, sawa, lakini nguvu imeondoka. Nguvu inaondokaje bila kuondoka na kitu?"

Akafungua boneti akanionyesha. Alama za turbo yenyewe zilikuwa nzima, ila mstari wa kwenye ile nati ulikuwa umekatika.

"Lakini alisema anapunguza upepo," nikasema.

"Nani anakwenda kwa fundi apunguziwe? Huyu amelegeza makusudi. Lori lizidi kuchoka, aseme turbo imekufa, tumwachie aende kuiuza. Nawajua hawa!"

Nikaamini. Tena nilimwongezea maneno, nikamwambia kwamba juzi nilimwona Ndayikunda akinong'ona na wanunuzi wa spea, na kweli walikuwa wakiongea, ila kunong'ona niliweka mimi. Philemon akachukua spana, akairudisha nati mpaka mstari mwekundu ukaungana. Lori likapata nguvu zake. Tukafurahi wote wawili, wapumbavu wawili.

Wiki ya pili, likiwa limejaa maharage, gasketi ikapasuka mlimani. Lilivutwa kwa kamba hadi uani, maji yamekauka, silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, imepinda. Mzee Gharibu hakuuliza mara mbili. Aliyeligusa mara ya mwisho ni Ndayikunda, basi Ndayikunda ameliua. Akamwambia ahame siku hiyohiyo, kisha akaanza kuwapigia simu wenye magari wa Kasulu na Kibondo mmoja mmoja, akiwaonya wasimpe mtu huyo hata baiskeli.

Ndayikunda alikuja na gunia la kukusanyia vyombo vyake. Kabla ya kuokota chochote aliinama kwenye injini.

"Nati hii nani ameirudisha?"

"Mimi," Philemon akasema kwa kiburi. "Kwenye alama yake."

"Alama uliiweka lini?"

"Siku nilipokabidhiwa lori, mwaka wa tisa sasa."

"Lilikuwa jipya?"

Lori tulilinunua kuukuu, kwa mtu aliyekuwa akibebea magogo.

"Basi huyo wa magogo ndiye aliyeongeza upepo ili alikamue," Ndayikunda alisema, bila hasira. "Wewe ulipaka rangi juu ya kosa lake, ukalilinda miaka tisa, hadi injini ikachoka."

Philemon alikaa juu ya tairi. Kisha akainuka, akaenda ofisini. Nikamfuata. Mzee alikuwa bado na simu sikioni.

"Mzee, acha kupiga," Philemon alisema. "Fundi hana kosa. Alipunguza upepo, mimi nikauongeza. Lori nimeliua mimi."

Mzee Gharibu aliweka simu mezani polepole.

"Mmeongea naye huko nje?"

"Tumeongea."

"Mkaelewana." Mzee akatabasamu. "Philemon, ni wewe uliyeniambia kwamba dereva anayemtetea fundi amekwisha kula naye. Leo umekuja kumtetea."

"Naapa, Mzee. Nifukuze mimi, huyu mwache afanye kazi."

"Kakupa nini?"

Philemon akanigeukia. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Dada Herieth, wewe ulikuwepo. Uliniona na spana. Mwambie."

Nilikuwepo, na nilimwona. Niliufungua mdomo nimtetee, na Mungu anisamehe, kabla ya kusema neno nilitazama kwanza mfuko wa shati lake kuona kama umetuna.