Kuku Amepona

Mirumbe ameunga mifupa ya watu Kegonga kwa miaka thelathini. Akishamfunga mgonjwa, huvunja mguu wa kuku na kuufunga vilevile. Siku kuku akitembea, mgonjwa naye husimama.

Kisha pikipiki ikamgonga yeye mwenyewe, ikamvunja mguu. Wanawe wakampeleka hospitali ya Homa Bay bila kumsikiliza, akatiwa chuma chenye kifaa kidogo cha kupima mfupa na kumpelekea daktari habari kwa simu. Mkewe, Bhoke, akamvunja kuku mguu kimyakimya.

Wiki ya nane kuku alikuwa anachakura uani. Mirumbe akashika fimbo, akapiga hatua tatu. Mchana simu ikalia.

"Mzee, leo umekanyaga. Usirudie. Mfupa haujashika."

"Nani amekuambia?"

"Mguu wako."

"Mguu wangu! Mimi niko nao hapa, wewe uko Homa Bay!"

Daktari akarudia yaleyale kwa upole, akakata.

Mirumbe akapapasa pale palipovunjika. Vidole vyake vilikuwa vimemwambia hivyohivyo tangu juma lililopita, lakini alikuwa ameamua kumwamini kuku.

"Bhoke," aliita, "mchinje huyo kuku."