Waliopanda kwa Kamba ya Nyanya

Juzi nilikwenda Mjambere, kule Kisauni, nikakuta lori likimwaga kifusi ndani ya birika la nyanya yangu, na wallahi nilisimama pale kama mtoto aliyesahau alichotumwa dukani. Birika nisemalo si la chai. Ni shimo la maji ya mvua, lililojengwa kwa chokaa chini ya ua tangu enzi za baba yake nyanya. Mimi nilipopata akili lilikuwa limekwisha pasuka, halishiki tone. Humo ndimo walimopigia muziki wao vijana wanne waliokuwa na bendi.

Muziki wa roki, ndugu yangu, Kisauni. Taarabu tuliijua, chakacha tuliijua, lakini yale makelele hapana. Majirani waliwafukuza kutoka kila baraza, mpaka nyanya akawaambia, "Shukeni birikani, mpige kelele zenu Mungu awasitiri." Wakashusha magitaa kwa ngazi, na mpiga dramu akashusha mapipa na masufuria yake. Ukiwa juu uani ulihisi ardhi ikitetema nyayoni, na kanga zikatikisika kwenye kamba pasina upepo. Kazi yangu mimi ilikuwa kuwateremshia ndoo ya mahamri na mbaazi kila alasiri. Ndoo ilirudi tupu, na mpaka leo nikisikia gitaa nanusa hiliki.

Kila siku kabla hawajapiga, mpiga gitaa mmoja alisimulia asili yao. Eti walikuwa wanamuziki wa Sultani wa Chini, katika mji ulio chini ya Kisauni, ambako mvua hunyesha kwenda juu na ng'ombe hukamuliwa chai yenye tangawizi. Siku moja wakamwamsha Sultani usingizini, akawafukuza. Wakatembea gizani, wakaona kamba ya ndoo inaning'inia, wakaipanda, wakatokea kwa nyanya. Nyanya, huku akichagua mchele kule juu, aliwasahihisha: "Hakuwafukuza. Mlitoroka wenyewe, njaa iliwauma." Kesho yake ukisikiliza, njaa imo ndani ya hadithi.

Aliyeipenda hadithi ile kuliko wote ni mpiga dramu. Yeye alilelewa katika nyumba ya mayatima upande wa Changamwe, hajui baba wala mama. Alikuwa kijana wa haya, akiipokea ndoo kwa mikono miwili. Na alimpenda mama yangu mdogo, naye mama mdogo akampenda. Nilijua kwa sababu siku akiteremsha ndoo yeye, mahamri yalifunikwa kitambaa kilichotariziwa.

Sasa kwetu mtu hajiposei. Wazee wake ndio huenda kumsemea. Yeye wazee hana, basi wakaenda wenzake watatu kwa kanzu za kuazima, moja ikiburura chini. Aliyewapokea alikuwa ami yake mama mdogo, ndugu wa marehemu babu, ndiye mwenye idhini ya kuoza. Sisi wanawake tulikaa nyuma ya pazia, mama mdogo akinibana mkono mpaka ukafa ganzi.

Ami akauliza lile linaloulizwa katika kila posa: "Kijana wenu ni wa nani, na kwao ni wapi?"

Walikuwa wamejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Mpiga gitaa akakohoa, na ulimi ukafuata njia uliyoizoea. "Sisi asili yetu," akasema, "ni kwa Sultani wa Chini." Akaeleza mvua, akaeleza ng'ombe. Alipofika kwenye tangawizi akaona hawezi tena kurudi nyuma, akaendelea hadi kwenye kamba.

Wazee waliokaa na ami wakatazamana. Ami akaivuta bakora yake. "Mtu asiyejulikana kwao," akasema bila hasira, "simpi mtoto wa ndugu yangu."

Mama mdogo akauachia mkono wangu.

Nyanya akainuka. Akaokota mto aliokuwa ameukalia, akalipandisha pazia, akapita mbele ya wazee polepole kwa sababu ya magoti, akaenda kukaa mkekani pamoja na wale vijana watatu. Mama wa bi harusi, amekaa upande wa waposaji. Sijaona tena jambo kama lile.

"Shemeji," akasema, "kamba waliyopandia ni yangu. Kijana ni wangu mimi, na kwao ni hapa. Nimekuja kuposa."

Ami akaiweka bakora chini, akaagiza kahawa.

Nyanya ametangulia mbele ya haki. Wale watatu wametawanyika, magitaa sijui yaliishia wapi, na nyumba imeuzwa, pale patapanda ghorofa. Watoto wa mtaa ule hawatajua kwamba ardhi wanayochezea iliwahi kutetema. Nalikumbuka birika lile kwa uchungu, sifichi.

Juzi sikuwa peke yangu pale kwenye kifusi. Mpiga dramu, ambaye leo ni baba yangu mdogo mwenye mvi, alisimama ukingoni na bintiye. Alikuwa amevua viatu, kama mtu anayeingia ndani kwao.

"Baba," mtoto akauliza, "kwenu ndipo hapa?"

"Ndipo hapa."

"Sasa ulitokaje mule ndani?"

Machozi yalikuwa yakimtoka, wala hakuyafuta.

"Nyanya yako alinivuta," akasema.

Lori likarudi nyuma, likamwaga tena.