Mnyaa wa Mpakani

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, kijijini Songwa, nilipojifunza kwamba onyo la bibi likitimia, ataitwa mchawi. Bibi yangu alikuwa na macho mekundu. Miaka yote anapikia kinyesi cha ng'ombe, moshi ungemwacha? Lakini kwetu, kikongwe mwenye macho mekundu kesi yake imeshaamuliwa.

Kati yetu na kina Masanja palikuwa na ua wa minyaa. Bibi alitukaripia mimi na Masanja: "Avunjaye mnyaa wa mpaka, jicho litamlipia." Kesho yake jicho la Masanja likavimba, likafumba.

Baba yake akaja na panga. "Wewe kizee, mfungue mwanangu au uhame leo!"

Mama Kulwa, msuluhishi wa ugomvi wetu wote mtaani, akafika mbio. Nilidhani atawakalisha.

"Yaya!" akamkatalia baba Masanja kwa Kisukuma. "Panga likiwepo sisuluhishi, naita mgambo. Anayeogopa hapatani, anakubali tu."

Baba Masanja akalitupa nje ya ua. "Haya, nipatanishe na mchawi wangu."

"Sema 'jirani yangu'. Juzi si uliomba chumvi kwake?" Kisha akauliza, "Mtoto alikuwa na nani?"

Bibi alikuwa ameshaanza kufunga kanga zake furushi, ahame.

"Mimi," nikasema. "Tulivunja mnyaa tuone kama kweli jicho litalipa. Utomvu ukamrukia."

Mama Kulwa akamgeukia bibi. "Ulijua utomvu unapofusha?"

"Hata mbuzi anajua, mayu."

"Mbona hukuwaambia hivyo?"

"Ukiwatajia utomvu watataka kuuona. Ukiwatajia mpaka wanaogopa."

"Hawa wako wameogopa sana!"

Baba Masanja alicheka kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. Akampakia mwanawe kwenye baiskeli hadi zahanati. Jicho lilipona. Bibi akafungua kanga zake.

Leo nina digrii ya sheria na bahasha za CV zilizolala kila ofisi Shinyanga mjini. Nyumbani wananiita "wakili" wakitaka kucheka. Chuoni tulirushiwa slaidi za usuluhishi muhula mzima, na hakuna hata moja iliyosema panga litoke kwanza. Mama Kulwa hakuwa na cheti. Lakini angewakalisha panga likiwepo, bibi angekubali kuhama, nami ningenyamaza, na wote wangesema wamepatana.

Ua ule bado upo. Nikipita, mikono naitia mfukoni.