Madumu ya Godelieve

Godelieve Kalombo alikuwa mkemia, na mwaka ule alikuwa amechoka kugombana na sinki.

Maabara yao ya utafiti wa madini iko pembezoni mwa Manika, mjini Kolwezi. Kila siku waliyeyusha mawe ya shaba kwa asidi, wakapima walichotaka kupima, kisha masalia, maji ya kibuluu yanayowasha pua, yakamwagwa sinkini. Bomba la sinki lilitokea kwenye mfereji nyuma ya ukuta. Kando ya mfereji mama Mado alilima lengalenga, mchicha wa huku, za kuuza sokoni. Alizimwagilia maji ya bomba tu, lakini mvua kubwa ikinyesha mfereji ulifurika hadi kwenye matuta yake, na kila alipokutana na Godelieve alimwuliza swali lile lile: uchafu huu utakoma lini?

Mkurugenzi Lukusa alilipenda sana neno mazingira. Wageni wafadhili walikuwa njiani kuja kuona kama maabara inastahili kuitwa ya kijani, naye akajiandaa: akanunua vyungu vya maua, akapaka lango rangi ya kijani. Basi! Godelieve alipoomba chokaa ya kuua asidi, alipigwa danadana mpaka akachoka kuomba.

Akaamua kujitafutia madumu ya manjano ya mafuta ya kula, yale ambayo kila nyumba Kolwezi huchotea maji. Masalia yote yangekaa humo mpaka chokaa ifike. Na kwa kuwa dumu lisilo na jina huku hupata miguu, alifanya kama kila mtu afanyavyo, akaandika jina la mwenyewe kwa rangi: LABO, yaani maabara. Akatangaza mkutanoni, wote wakaitikia kwa vichwa. Wasafishaji hawaitwi mkutanoni.

Siku hiyo hiyo alikwenda ukutani. "Mama Mado, ile mambo ilikwisha. Hatumwange tena kitu mu mfereji. Mayi iko safi."

Mado alimshika mikono yote miwili, akacheka. Godelieve akalala usingizi mzuri.

Kisha, wageni wakiwa karibu kufika, mabomba ya mtaa mzima yakakauka. Asubuhi ya ziara Godelieve aliingia kazini akakuta madumu yake yamepangwa koridoni, yamejaa maji meupe. Ntambwe, msafishaji, alikuwa akisuuza vioo.

"Tata Ntambwe, ile ya ndani ulipeleka wapi?"

"Mu évier, mama," akaonyesha sinki kwa kidole. "Shi njo kwenye tunamwangaka? Tangu mayi ilikatika, namwanga bidon moja moja, naenda kushota. Ziliandikwa LABO, mi nikasema ni za labo."

Alitaka kumpigia kelele. Lakini amfokee kwa kosa gani, wakati hakuna aliyemwambia? Akamkimbilia Lukusa, akamkuta akifunga tai.

"Madame Godelieve, leo hapana. Bageni beko ku mulango. Tutaona kesho."

Kesho, siku zote kesho! Wageni wakaingia, wakasifu maua. Mmoja alipouliza kuhusu madumu, Lukusa akajibu bila haya kwamba hapa hawapotezi hata tone la maji. Wakapiga makofi. Godelieve akatoka kwa mlango wa nyuma asije akasema neno la kumfukuzisha kazi.

Huko nje alimkuta mama Mado, beseni la lengalenga kichwani.

"Mama Gode, kamata, ya kupikia batoto. Benzangu bote mboga zao zilikauka. Mi niko na mfereji, njo nanyesheaka mayi yake! Shi weye ulinisema mayi iko safi?"

Godelieve alilipokea beseni. "Umekwisha kuuzisha?"

"Eh! Wiki hii soko yote inakula yangu," Mado akasema, na furaha yake haikuwa na kificho.

Ndani makofi yakaanza tena. Godelieve akaweka beseni chini, mbali na mlango, akavua koti lake jeupe. Alikuwa amemkasirikia Lukusa mwaka mzima, na sasa hasira ile yote ilikuwa imemrudia yeye mwenyewe.

"Twende ku soko, mama," akasema. "Sasa hivi. Nitakuelezea mu njia."