Nilisema Nimelala, Nyumbani Wakanililia

Barua hii imetoka kwa dereva wa lori. Ametuomba tulifiche jina lake pamoja na la tajiri wake, nasi tumefanya hivyo. Msomeni mpaka mwisho kabla hamjamhukumu.

Bwana Mhariri, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, naishi Mlandege hapa Iringa. Nina mke mmoja na hatujajaliwa mtoto. Kazi yangu ni kupeleka chumvi na nguo Mbeya na kurudi na mchele, na huu ni mwaka wa saba. Kusema kweli najivunia kazi hii. Wakati wa mvua wenzangu hufuata barabara kuu tu, lakini mimi huangalia mawingu ya upande wa Mufindi, nawauliza wanaotoka mbele matope yamefika wapi, ndipo naamua nipite wapi. Tajiri wangu hunisifu sana kwa hilo, nami sifa zikaniingia kichwani.

Masika yaliyopita nilikuwa narudi kutoka Mbeya peke yangu, utingo wangu nimemwacha huko anaumwa homa. Nilipofika Makambako nikaambiwa kizuizi cha mvua, kile kinachosimamisha malori njia ikiharibika, bado hakijafungwa, na nikienda moja kwa moja nitaingia nyumbani jioni ile ile. Lakini gari lilikuwa na nafasi nyuma, na nilijua Igowole kuna wakulima wenye magunia ya mahindi wanaotafuta gari. Nikaangalia juu, nikasema nitawahi. Nikakata kona kwenda Igowole, na mvua ikaniwahi mimi.

Kwenye mteremko magurudumu ya nyuma yaliteleza, lori likaegama mtaroni. Sasa, sisi madereva gari likikwama namna hiyo tunasema dereva amelala. Hata kama amekaa pembeni anakula ugali wake, amelala. Siku ya tatu akapita mtu kwa miguu akielekea barabara kuu. Nikamwomba ampe ujumbe dereva yeyote anayekwenda Iringa, aufikishe kwa mzee wetu wa kanisa: "Amwambie mke wangu nimelala Igowole, asiningojee."

Yule mtu hakukosea hata neno moja, na dereva aliyeupokea hakukosea pia. Lakini mzee wa kanisa hajawahi kushika usukani. Kwake yeye Mkristo akilala, amelala katika Bwana. Akaenda kwangu akasema, "Mama, mumeo amelala Igowole. Usimngojee." Njia ilikuwa imeshafungwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuja kuuliza kaburi liko wapi.

Nilikaa pale siku kumi na nane. Mvua ilipiga turubai asubuhi hadi jioni, na bibi mmoja aliniletea mahindi ya kuchemsha akaondoka bila maongezi, maana Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kihehe changu ni cha salamu tu. Nikaanza kuzungumza na lori. Nilikuwa najipangia maneno ya kumbembeleza mke wangu, nikijua amenuna kwa kuchelewa kwangu. Kumbe watu wamejaa kwangu wameweka matanga. Mpaka leo huwa najiuliza, saa ile wananiimbia mimi nilikuwa nafanya nini. Labda nilikuwa nakausha soksi.

Niliporudi nilikuta mlango wangu umefungwa kwa kamba. Jirani yangu alitokea akiwa amevaa koti langu. Akalivua, akalikunja vizuri, akanipa. "Mwenzangu, tulikulilia kwa heshima zote," akasema. "Usituone wabaya." Mke wangu alikuwa amechukuliwa na baba yake, Kilolo.

Nilikwenda Kilolo nikitegemea furaha. Mke wangu akatoka amenyolewa nywele, akanisalimu "kamwene" kama anavyosalimiwa mgeni. Nikaona nilete utani, nikamwuliza aliposikia nimekufa alisemaje.

"Sikushangaa," akanijibu. "Miaka yote hii kila mvua ikinyesha nilikuwa namngoja mtu wa kuja kuniambia. Alipokuja nililia siku mbili. Halafu nikalala. Tangu unioe sijawahi kulala vile masika."

Akaendelea, "Sikukatai, ila siwezi kukulilia mara mbili. Baba anatupa shamba. Njoo tulime. Kama unarudi kwenye lori, basi nenda, na usinitafute."

Nilirudi kwenye lori. Nilimwambia nakwenda kumuaga tajiri, na huu ni mwezi wa nane sijamuaga. Jembe silijui, Bwana Mhariri. Nikiwa njiani najua mimi ni nani. Lakini nikifika Mlandege nafungua mlango, najipikia, nakula huku nimesimama, na majirani bado wananiangalia kama mtu aliyesahau kuondoka. Na kuna jambo sijamwambia mke wangu. Yeye anaamini mvua ndiyo iliyonizuia. Hajui kwamba nilikuwa na njia ya kufika jioni ile, nikachagua nyingine kwa kujiona fundi.

Mvua za mwaka huu zimeanza. Barua hii naiandikia kwenye kizuizi, mbele yangu kuna malori manne. Dereva anayerudi Iringa ameniuliza kama nina salamu za nyumbani. Nikamwambia sina.

Ndugu wasomaji, nipeni shauri. Nimweleze ukweli wa Makambako halafu nikalime naye, au nimwache alale? Nisaidieni, nifanye nini? Ila tafadhali mnijibu kwa maandishi. Msimpe mtu ujumbe wa mdomo aniletee.