Milembe na Kikapu cha Fifi

Konzi mbili za choroko huwashibisha watu wanne, mradi zilowekwe mapema na zipikwe na mtu mwenye subira. Milembe Masunga alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Kwao Nkoma, wilayani Itilima, mama yake alimfundisha pia kutwanga karanga kidogo tu zikatosha kuunga nsansa, yale majani ya kunde yanayokaushwa juani, na kuchemsha michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, mpaka ikawa laini kama kiazi kilichochimbwa jana. Vyakula hivyo huvioni kwenye hoteli za Bariadi, wala hakuna mwanafunzi anayejisifu kuwa amevila. Lakini vinashibisha.

Alipopata nafasi katika chuo kimoja mjini Bariadi, kusomea maendeleo ya jamii, alikuja na godoro, sufuria, kiroba cha chakula na kikapu. Kikapu alikisuka mwenyewe. Ndani alikijaza fifi, yaani pamba chafu ya daraja la chini ambayo baba yake alishindwa kuiuza, akaizungushia kanga kuukuu na kuishona. Choroko zikishachemka kidogo jikoni aliziepua, akaitumbukiza sufuria katikati ya pamba ile, akafunika kwa mto wa pamba hiyo hiyo na kwenda darasani. Akirudi jioni, zimeiva na bado zina moto. Mkaa aliotumia haukuzidi ule wa kuchemshia chai.

Alipanga chumba katika nyumba ndefu ya mjane mmoja aitwaye Justina, iliyojaa wanafunzi watupu. Siku ya kwanza kuona kikapu kile, jirani yake Elina alishika kiuno akacheka.

"Mama Michembe, choroko zako zina malaria? Mbona umezifunika blanketi?"

"Zina baridi," Milembe alijibu. "Zikipona utazila."

Na kweli Elina alizila. Alizila mwaka mzima.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwao Milembe mtu hapiki wala hali huku mlango umefungwa. Mlango ukiwa wazi, anayepita anaitwa kwa jina lake aingie, naye hajisikii ombaomba kwa sababu ameitwa. Mlango ukifungwa, maana yake ndani kuna mgonjwa, au hakuna chakula, na mtu mwenye adabu hagongi. Milembe aliendelea na desturi hiyo Bariadi kana kwamba hajaondoka nyumbani. Kila jioni alifungua mlango, akaweka sufuria sakafuni, akaita.

Waliokuja mara nyingi walikuwa Elina na kijana mmoja, Sylvester. Hawa hawakuwa maskini. Wazazi wao waliwatumia fedha kila mwezi, nazo ziliisha mapema kwa chipsi, soda na vifurushi vya simu. Zikiisha, Sylvester alikuja na kijiko chake mfukoni. Mtu anayetembea na kijiko mfukoni amekwishaamua kwamba jasho la mwenzake ni haki yake. Wengine huita huo ujana. Mimi nauita ulafi, na ulafi wa aina hii una madhara ambayo mlafi mwenyewe haonji, kama tutakavyoona.

Wa tatu alikuwa Josia, kutoka Nyalikungu mjini Maswa, aliyesoma darasa moja na Milembe. Baba yake alikwisha kufariki. Josia hakuja na kijiko. Alikuja wa mwisho, lakini kabla ya kuitwa alikuwa ameshachukua ndoo ya Milembe, ameipeleka bombani na kuirudisha imejaa. Alikaa karibu na kizingiti. Alikula taratibu, na alipomaliza alisema, "Wabeja, dada," shukrani ya nyumbani, akaondoka.

"Josia, ongeza," Milembe alimwambia.

"Nimeshiba, dada."

"Amekula kama kuku mgeni!" Sylvester alidakia, huku akijichotea yeye. "Mtu mrefu hivi, tumbo kama la panzi."

Wote walicheka, na Josia akacheka pamoja nao. Hakuna aliyemuuliza alikula nini mchana. Hakuna aliyemuuliza alikula nini asubuhi.

Mwaka wa pili, tembo walitoka porini wakapita kwenye shamba la viazi la kina Milembe kabla viazi havijachimbwa. Mama yake, Apolonia, alituma nusu kiroba kwa basi, kisha akapiga simu, akimwita mayu, yaani mama, kama binti anavyoitwa kwao.

"Mayu, nilichookota ndicho hicho. Michembe kidogo na choroko za mbegu, nimezitoa zote. Kikufikishe mpaka mtihani."

"Na kikiisha kabla?"

"Kikiisha rudi nyumbani, mwanangu. Sina kingine. Mtihani utaufanya mwaka mwingine Mungu akipenda."

Milembe alijua mwaka mwingine hautakuwepo. Nyuma yake kulikuwa na wadogo waliosubiri zamu zao za shule. Chakula kile kikiisha mapema, na masomo yake yameisha. Alikiangalia kiroba, akaenda kukaa uani, na hapo ndipo mwenye nyumba alipomkuta.

"Funga mlango, we mtoto," Justina alimwambia bila kuzunguka. "Watakumaliza hawa."

"Kwetu hatufungi, mama."

"Kwenu nyuma ya nyumba kuna shamba. Hapa nyuma ya nyumba kuna nini? Choo changu. Utavuna nini pale?"

Ulikuwa ushauri wa mtu anayejua mji, na ulitolewa kwa huruma. Milembe aliufuata. Kikapu kile, alichokisuka ili abane mkaa, sasa kilimsaidia kuficha. Alichemsha choroko alfajiri wenzake wakiwa wamelala, akazizika kwenye fifi. Jioni hapakuwa na moshi wala harufu. Alifunga mlango kwa ndani na kula akiwa ameupa mlango mgongo.

Elina na Sylvester walikuja, wakasukuma, wakagonga.

"Mama Michembe, umefunga duka?"

"Mgonjwa," alijibu.

"Pole. Basi choroko zisije zikakuambukiza!"

Walicheka wakaenda kwa mama ntilie. Siku zilizofuata walipiga simu kwa wazazi, wakalia shida, wakatumiwa. Hawakupungua hata kidogo. Mlango uliofungwa kwa ajili yao haukuwaumiza.

Josia alikuja baadaye, kama kawaida yake. Milembe alimjua kwa mwendo. Alisikia ndoo ikiwekwa chini taratibu, kisha sauti: "Mwadila, dada." Hiyo ndiyo salamu yetu ya jioni. Haikosi kuitikiwa, hata kwa mtu uliyegombana naye.

Milembe alikuwa na kijiko mkononi. Kama angeitikia, angelazimika kumkaribisha. Akimkaribisha yeye, wale wengine watasikia. Alinyamaza. Josia alisimama kidogo, akaondoka. Hakugonga, kwa sababu na yeye alilelewa kwamba mlango uliofungwa haugongwi.

Milembe alipofungua mlango, ndoo ilikuwa pale, imejaa. Kesho yake ilikuwa imejaa tena, na keshokutwa. Kijana aliyenyimwa chakula aliendelea kumletea maji, na maji yale ndiyo aliyopikia choroko. Darasani walikaa mbali. Alimwona amekonda, akajiambia wote tumekonda, ni mitihani. Sisi binadamu tuna ustadi wa kujipa majibu ya namna hiyo.

Kisha jioni moja alikuta ndoo tupu. Hakumwona Josia darasani siku iliyofuata, wala siku ya mtihani. Kiti chake kilibaki wazi na msimamizi akaiweka karatasi yake pembeni. Baada ya mtihani wa mwisho, Milembe alimuuliza Elina.

"Kwani wewe hujui?" Elina alishangaa. "Alianguka maktaba. Wakampeleka hospitali, daktari akasema hana ugonjwa, ana njaa. Unaona aibu hiyo? Kesho yake alibeba begi akaenda kwao."

"Njaa?"

"Ndiyo. Kumbe alikuwa hana kitu. Si angesema!"

Si angesema. Hivyo ndivyo husema waliokuwa wakijichotea kwanza na kumtania. Nawalaumu Elina na Sylvester, kwa sababu wao waliokula bila shida ndio waliomfungia mlango mwenye shida, ingawa komeo halikuwa mikononi mwao. Lakini Milembe simtetei. Alikuwa na sababu, na sababu yake ilikuwa nzito, ila aliisikia salamu.

Mtihani alikuwa ameufanya. Kiroba kilimfikisha, tena kikabakiza. Alipokiinua alisikia michembe iliyobaki ikigongana ndani, akakaa kitandani akalia mpaka Justina akaja kuuliza kulikoni.

"Chakula kimebaki, mama," alisema.

"Sasa hicho ndicho kinakuliza?"

Hakumweleza. Kesho yake mchana alikichukua kiroba, akapanda basi la Maswa, akauliza njia Nyalikungu mpaka jioni akafika nyumbani kwa mama yake Josia, aitwaye Ng'washi. Jiko lilikuwa kibanda cha nyasi pembeni ya nyumba, na mlango wake uliachwa wazi kabisa. Mama mwenyewe alikuwa anasonga ugali. Watoto wawili walikaa ukutani wakiitazama sufuria.

"Mwadila, mama."

"Mwadila, mayu. Karibu ndani, umefika wakati mzuri."

"Natoka Bariadi, chuoni. Namtafuta Josia."

Mwiko ulisimama. "Josia amekwenda Katavi, kwa mjomba wake, anachunga ng'ombe. Huko simu hazishiki. Wewe ni nani?"

"Milembe."

"Wa Nkoma?"

"Ndiyo, mama."

Uso wa yule mama ulibadilika kwa furaha, na Milembe alitamani afukuzwe.

"Kumbe ni wewe! Josia aliniambia, mama usihangaike na mimi, kuna dada mmoja wa Nkoma anapika mlango wazi. Nikamwambia Mungu ambariki huyo. Ule unga niliokuwa namtumia nikaacha, nikawapa hawa wadogo zake." Aliwaonyesha watoto kwa kidevu. "Sijui hata nini kilimpata. Alirudi hapa mifupa mitupu, na hasemi. Nikimuuliza anasema masomo ni magumu."

Milembe alikitua kiroba chini. Angeweza kukiacha pale, akapokea shukrani na kuondoka, na hakuna mtu ambaye angejua. Josia alikuwa amemfichia aibu yake hata kwa mama yake mzazi.

"Mama, niliufunga," alisema.

"Ulifunga nini?"

"Mlango. Chakula kilikuwa kidogo, nikaogopa kitaisha kabla ya mtihani. Alikuja akanisalimu na mimi niko ndani nakula. Sikuitika." Alikigusa kiroba. "Hiki ndicho kilichobaki."

Ng'washi alikitazama kiroba. Hakukifungua. Aligeukia sufuria akageuza ugali kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka mtoto mmoja akamwita.

"Na maji?" aliuliza hatimaye, bila kugeuka. "Aliniambia alikuwa anakuchotea maji."

"Alichota. Hata nilipofunga, alichota."

"Nilimfundisha hivyo," mama alisema. "Nilimwambia, usile kwa mtu na mikono mitupu."

Aliupakua ugali kwenye sinia, ugali mdogo, akaweka bakuli la mlenda katikati. Watoto walisogea. Akachukua kata ya maji, akamnyooshea mgeni bila kumtazama usoni.

"Nawa," alisema. "Unapoa."

Milembe alinawa. Alimega tonge dogo kuliko yote aliyowahi kumega, na kila mara yule mama alipousogeza ugali upande wake akisema aongeze, alijibu kwamba ameshiba.